Rekodi ya jinai Marekani: jalada liko kaunti gani?

Kenya, ukitaka cheti cha maadili mema unapitia DCI (idara ya upelelezi), unachukuliwa alama za vidole, na jibu linakuwa la nchi nzima. Marekani hakuna dirisha kama hilo kwa mtu anayetaka kujua habari za mwenzake. FBI wanatoa rekodi, lakini watakupa ya kwako tu, kwa alama zako za vidole na dola 18. Ya mpangaji, ya yaya, ya mtu mnayetaka kufungua naye biashara, au ya kesi yako mwenyewe unayodaiwa karatasi yenye mhuri, utaifuata mahakamani. Na kesi za jinai za kila siku, kuanzia wizi wa dukani hadi mauaji, nyingi mno husikilizwa na mahakama za jimbo zilizopangwa kwa kaunti. Kaunti zenyewe zinapita 3,000.

Shika hili kabla hujafungua kompyuta: jalada hukaa pale kesi iliposikilizwa, halimfuati mtu anakohamia. Anayeishi Minneapolis leo huenda alishtakiwa Columbus, Ohio, miaka kumi iliyopita, na karani wa Hennepin, kaunti ya Minneapolis, hana habari naye hata kidogo.

Zile tovuti zinazokuahidi "rekodi zote kwa dakika tano" ukilipa kwa kadi, ziache. Hununua data kwa jumla na kuiuza rejareja. Kesi iliyofutwa miaka miwili iliyopita inaweza kuwa bado imo humo kama shtaka bichi, na kaunti ambazo haziuzi data zake hazimo kabisa.

Anza na ramani

Andika kila anwani ya huyo mtu kwa miaka kumi hivi: alipoishi, alipofanya kazi, aliposoma. Mtu hushtakiwa kosa lilipotokea, kwa hiyo ongeza kaunti za jirani anazopita kila siku kwenda kazini. Kisha geuza kila mji uwe kaunti, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Jiji la New York peke yake lina kaunti tano, na tatu kati yake hazina jina unalolijua: Manhattan ni New York County, Brooklyn ni Kings County, Staten Island ni Richmond County. Houston kwa sehemu kubwa ni Harris, lakini inaingia pia Fort Bend na Montgomery. Jiji la St. Louis haliko ndani ya St. Louis County, ni mamlaka mbili zenye mahakama mbili. Baltimore ni vivyo hivyo. Virginia miji 38 inajitegemea nje ya kaunti, hivyo anwani inayosema "Fairfax" inaweza kuwa ya jiji au ya kaunti. Louisiana usitafute kaunti, wao wana parishi. Connecticut haina tena serikali za kaunti, na kesi zake zinatafutwa kwenye tovuti ya mahakama za jimbo.

Kaunti moja, mahakama kadhaa

Ukishaipata kaunti, uliza kosa la uzito gani linapelekwa wapi. Wamarekani wanagawa makosa kuwa feloni, yaani yale mazito ambayo kifungo chake huweza kupita mwaka mmoja, na misdimina, yaani madogo. Mara nyingi madaraja haya mawili yana makarani tofauti, mifumo tofauti ya kompyuta, hata majengo tofauti.

Texas, kwa kawaida feloni zipo kwa District Clerk, misdimina za daraja A na B zipo kwa County Clerk, na zile za daraja C, ambazo adhabu yake ni faini tu, zipo kwa hakimu wa Justice of the Peace au mahakama ya jiji. Harris County wamejipanga kivyao: District Clerk anashika feloni na misdimina zote mbili. Ohio, feloni ziko Court of Common Pleas na ndogo mara nyingi ziko mahakama ya manispaa. Kwa Columbus maana yake ni kutafuta mara mbili, Franklin County Court of Common Pleas na Franklin County Municipal Court. Aliyetafuta sehemu moja akasema "hana kesi" amefanya nusu ya kazi. New York wamekoroga majina kabisa: Supreme Court kwao ni mahakama inayosikiliza feloni kwa mara ya kwanza, wala si ya juu kabisa.

Mlango sahihi wa mtandaoni

Ingia kwenye tovuti ya mahakama za jimbo, kisha fuata kiungo cha kaunti. Usianzie kwenye matangazo yanayojitokeza juu ya matokeo ya utafutaji. Na usitegemee anwani za serikali za .gov pekee, kwani zipo ofisi halali za makarani zenye anwani za .com au .net.

Majimbo mengine yamekusanya kaunti zao mahali pamoja na hawatozi kitu kutazama: Pennsylvania wana UJS Portal, Maryland wana Case Search, Missouri wana Case.net, Wisconsin nao wana mfumo wao. Ohio na California, kila kaunti na lwake.

Kuna mitego ya kisheria ambayo skrini haitakuambia. Minnesota, kesi ya jinai ambayo haijafikia kutiwa hatiani huwezi kuitafuta kwa jina ukiwa nyumbani. Inabidi ukae kwenye kompyuta ya umma ndani ya mahakama. Massachusetts pia hawaruhusu utafute kesi ya jinai kwa jina kupitia intaneti, wanataka namba ya kesi. California, uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2021 uliohusu mahakama ya Riverside ulikataza umma kuchuja faharasa ya kielektroniki kwa tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo ukimtafuta mwenye jina la kawaida utaletewa watu kumi. Na New York, mfumo wa bure wa WebCrims huonyesha tu kesi zenye tarehe ijayo ya kufika mahakamani. Kesi ikimalizika inatoweka humo. Watu huona ukurasa mtupu wakafurahi. Ukitaka zilizomalizika unalipia utafutaji wa rekodi wa ofisi ya utawala wa mahakama za jimbo, dola 95 kwa jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Jina la pili, mfano la kabla ya ndoa, ni dola 95 nyingine.

Majina yetu ndiyo kazi

Mfumo wa mahakama unalinganisha herufi kama alivyozichapa askari usiku wa kukamata. Haujui kwamba Ally, Ali na Aly ni mtu mmoja, wala kwamba Khamis ndiye Hamisi. Mohamed peke yake ina tahajia tano au sita.

Mwenye majina matatu, tuseme Juma Ally Hamisi, anaweza kuwa ameandikwa Hamisi kama jina la ukoo, au Ally, au Juma. Tafuta kwa mizunguko yote. Kwa Wakongomani hali ni nzito zaidi, kwa kuwa jina la ubatizo huja mwisho na karani wa Marekani huligeuza kuwa la ukoo. Jina lenye ritifaa ('), kama Ng'ang'a, litafute kama NG'ANG'A, kama NGANGA, na kama NG ANGA yenye nafasi katikati. Mfumo ukiruhusu nyota, andika herufi tatu za kwanza za ukoo na nyota, na herufi moja tu ya jina la kwanza, halafu chuja kwa macho. Aliyeingia nchini akiwa na jina moja tu kwenye pasipoti huenda viza yake iliandikwa FNU (First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza, na mahakamani akawa "FNU" vilevile. Litafute hilo pia.

Tarehe: Wamarekani huanza na mwezi. 03/07/1988 ni tarehe 7 Machi. Usipopata kitu, jaribu kugeuza mwezi na siku, maana kuna aliyekosea wakati wa kuandika.

Halafu kuna 1 Januari. Wakimbizi wengi waliotoka kambi kama Kakuma na Nyarugusu walipangiwa tarehe hiyo ya kuzaliwa kwa kuwa hawakuwa na vyeti. Mohamed Ali wawili wa 1 Januari mwaka mmoja, katika kaunti moja, si jambo la ajabu. Kwa hao, jina na tarehe havitoshi kumtambua mtu. Tafuta anwani, kimo, jina la kati, au namba nyingine ndani ya jalada. Kumnyima mtu nyumba kwa kosa la mwingine mwenye jina kama lake ni dhuluma, na inatokea.

Kusoma ukurasa wa kesi

Shtaka si hatia. Teremka hadi neno "Disposition", ambalo ni mwisho wa kesi, na usome kwa kila shtaka peke yake. Kesi moja yenye mashtaka manne inaweza kuwa na matatu yaliyofutwa na moja aliyokiri, tena likiwa limepunguzwa kutoka feloni hadi misdimina. "Dismissed" ni kufutwa. "Nolle prosequi" ni mwendesha mashtaka kuachana nalo. "Bench warrant" ni hati ya kukamatwa, mara nyingi kwa kutofika mahakamani, na maana yake kesi bado ipo hai.

Angalia sana kesi moja yenye sura mbili. Pennsylvania, shtaka zito huanza kwa hakimu wa chini likiwa na namba inayoanza MJ (Philadelphia ni MC), kisha likipelekwa mbele linapata namba mpya inayoanza CP. Si kesi mbili. Ohio kuna hatari ya upande wa pili: feloni iliyoanzia mahakama ya manispaa yaweza kuonekana "Dismissed" pale kwa sababu baraza la mashtaka (grand jury, raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe) limekwisha kuipeleka Common Pleas. Ukiishia manispaa utasema imefutwa, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

"Deferred adjudication" ya Texas inawachanganya hata wenye kesi. Mshtakiwa anakiri, hakimu anaahirisha kumtia hatiani, akimaliza masharti kesi inafutwa. Kwa Texas hajatiwa hatiani. Kwa sheria ya uhamiaji ya taifa, kukiri pamoja na masharti yoyote ya adhabu ni hatia tosha. Mwenye green card aliye katika hali hiyo amuone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kwenye dirisha la karani

Utahitaji kwenda au kuandika barua pale mfumo wa mtandao unapokuwa na ukomo. Faharasa nyingi za kompyuta zinaanzia miaka ya 1980 au 1990. Uliza zinaanzia mwaka gani, na ya zamani zaidi omba filamu (microfilm) au vitabu. Kwenye barua weka jina kamili na majina mengine yaliyotumika, tarehe ya kuzaliwa, miaka ya kutafutwa, aina ya kesi, namba ya kesi kama unayo, na bahasha yenye stempu na anwani yako. Malipo tuma kwa money order. Hundi binafsi hurudishwa na baadhi ya makarani.

Gharama hutofautiana. California nakala ni senti 50 kwa ukurasa, na utafutaji unaozidi dakika kumi ni dola 15. Nakala iliyothibitishwa kwa mhuri kwa kawaida ni ghali zaidi kuliko ya kawaida, kwa hiyo uliza kwanza anayekudai anataka ipi. Karani hatakushauri kisheria, usimwulize "hii itaniathiri?" Mwulize "naomba nakala iliyothibitishwa ya hukumu ya kesi hii," atakupa.

Kaunti haitakuonyesha kesi za mahakama za taifa: hizo ziko PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama hizo, senti 10 kwa ukurasa, kikomo dola 3 kwa waraka, na ukitumia dola 30 au pungufu kwa robo mwaka hulipi. Haitakuonyesha za watoto kwa kawaida, wala zilizofungwa kwa amri, yaani umma usizione. Pennsylvania tangu sheria yao ya Clean Slate ya 2018 baadhi hufungwa zenyewe. Aliyekamatwa bila kushtakiwa yuko kwenye vitabu vya polisi au sherifu.

Kama unaajiri au unapangisha

Kutazama mwenyewe jalada la wazi ni jambo moja. Ukinunua ripoti kwa kampuni ya uchunguzi, umeingia chini ya Fair Credit Reporting Act, sheria ya taifa inayosimamia ripoti za namna hiyo. Kwa ajira lazima mwombaji akubali kwa maandishi, na kabla ya kumkatalia umpe nakala ya ripoti. Kukamatwa ambako hakukuzaa hatia, kwa kawaida kampuni haitakiwi kukuripoti baada ya miaka saba. Hatia haina ukomo kwa sheria ya taifa, ingawa majimbo mengine yameuweka. Mwombaji akipinga, kampuni ina siku 30 kuchunguza. Wenye nyumba za kulelea wazee wasidhani utafutaji wa kaunti unachukua nafasi ya alama za vidole zinazotakiwa na jimbo. Hauchukui.

Kama jalada ni la kwako na unakusudia kuomba uraia, chukua nakala zilizothibitishwa sasa, kabla hujaomba kesi ifungwe au ifutwe. Fomu N-400 inauliza hata zilizofutwa, na USCIS, idara ya uhamiaji, watataka karatasi ya mwisho wa kila kesi. Ikiwa karani hana tena jalada, mwombe barua yenye mhuri inayosema ametafuta jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa na hakulipata, ikitaja miaka aliyoitafuta.