Maswali yenu kuhusu biogesi: mitambo ni mingi, gesi iko wapi?

Kila mahali naona habari kwamba biogesi inakua kwa kasi duniani. Ni kweli?

Inakua, lakini ulizeni kwanza kinachohesabiwa ni nini: biogesi, yaani gesi ya kuwashia moto inayotokana na samadi na mabaki yanayooza pasipo hewa, au mitambo ya kuitengenezea. China ilijenga mitambo ya kaya zaidi ya milioni 40, mingi kwa ruzuku ya serikali, na kwa miaka mingi idadi hiyo ilitajwa kama ushahidi wa mafanikio. Kisha vijana wakahamia mijini, kaya zikaacha kufuga nguruwe, umeme na gesi ya mitungi vikafika vijijini. Mitambo mingi sana ilibaki bila kulishwa. Siku ya uzinduzi kila mtambo unaingia kwenye hesabu, ila siku unapokauka hakuna anayekuja kuufuta.

Denmark wanapima tofauti. Huko biogesi husafishwa, ikaingizwa kwenye mabomba ya taifa kupitia mita, na sasa ni zaidi ya theluthi moja ya gesi inayotumika humo. Huo ndio ukuaji ninaoukubali. Mfadhili au waziri akitaja idadi ya mitambo, mwulizeni ni mingapi inawaka leo, na nani analipwa kuitunza baada ya mradi kufungwa.

Chakula kilichopikwa kwa biogesi hakinuki kinyesi?

Hakinuki. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Harufu ya yai bovu ni ya salfidi ya hidrojeni, na gesi ikiungua vizuri harufu hiyo huisha. Mkiisikia jikoni, gesi inavuja: fungeni vali, fungueni madirisha, msiguse kiberiti wala swichi ya umeme.

Mtambo wetu ulianza vizuri, sasa moto ni hafifu. Fundi anasema bakteria wamekufa, tuumwage wote tuanze upya. Tufanyeje?

Hamkuandika mnaulisha nini, kiasi gani, wala maji mnayochanganya. Barua nyingi huja hivi, na bila hayo ninaweza kubahatisha tu.

Msimwage chochote bado. Samadi ya ng'ombe huja na vijidudu vyake kutoka tumboni, kwa hiyo ni nadra vyote kufa. Anzeni na bomba. Mvuke hupoa ndani yake ukawa maji, na maji yakituama mahali palipobonyea, gesi haipiti. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio, kwa nje tu, muone kama linatoa mapovu. Safisheni matundu ya jiko. Mitambo mingi inayodaiwa imekufa ina kasoro hizi tu.

Kama bomba ni zima, chunguzeni chakula cha mtambo. Ndani mna makundi mawili ya vijidudu: wanaogeuza chakula kuwa asidi, na wanaogeuza asidi kuwa methani, ile gesi inayowaka jikoni. Wa kwanza huzaliana haraka, wa pili polepole. Mkimwaga ugali, viazi na mabaki mengi kwa siku moja, asidi hujaa na watengeneza methani huzidiwa. Acheni kulisha kwa siku kadhaa, kisha rudini na samadi mbichi na maji, kiasi kwa kiasi, mkianza na nusu ya kipimo cha kawaida. Samadi ya ng'ombe anayetibiwa kwa antibiotiki isiingie, wala maji yenye dawa ya kuulia vijidudu. Na baridi nayo huchelewesha kazi. Vijidudu wengi hupenda joto la nyuzi 35 hadi 40.

Na hili hamkuuliza, ila nalisema: mtu asiingie ndani ya mtambo, hata ukionekana mtupu. Salfidi ya hidrojeni ikiwa nyingi huua uwezo wa kunusa kabla ya kumwangusha mtu, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake.

Ng'ombe wangapi wanatosha?

Pimeni samadi, msihesabu ng'ombe: kilo moja mbichi hutoa takriban lita 30 hadi 40 za gesi, na ya ng'ombe anayeshinda malishoni hamtaipata.

Ujerumani hulisha mitambo kwa mahindi. Kwa nini nasi tusilime mazao ya nishati?

Kwa sababu Ujerumani wenyewe walirudi nyuma. Malipo ya ziada kwa mazao hayo yalieneza mashamba ya mahindi hadi sheria ya 2012 ikazuia mahindi yasizidi asilimia 60 ya malisho kwa mitambo mipya, na mwaka 2014 malipo hayo yakaondolewa kwa mitambo mipya. Samadi, maji taka, mabaki ya masoko na ya mashamba bado yanaoza bure. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba malighafi zisizonyang'anya watu chakula zingeweza kukidhi karibu asilimia 20 ya mahitaji ya gesi duniani. Tumalize hizo kwanza.

Methani si ndiyo inayoharibu hali ya hewa? Biogesi itakuwaje safi?

Swali zuri kuliko yote. Katika kipindi cha miaka 20, methani hunasa joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ya uzito uleule. Samadi iliyotawanyika malishoni hupata hewa, hivyo hutoa methani kidogo sana. Ukiikusanya na kuifungia pasipo hewa, methani umeitengeneza wewe, na kuichoma yote ni wajibu wako. Mtambo wenye ufa, au unaoachia gesi angani kwa kuwa jiko limeharibika, unaongeza tatizo ambalo ulijengwa kulipunguza. Ndiyo maana nasisitiza mita na fundi wa kudumu.

Naweza kuijaza biogesi kwenye mtungi wa gesi ya kupikia?

Usijaribu. Gesi ya mitungi hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo. Methani haigeuki hivyo kwenye joto la kawaida, hata ukiisukuma vipi. Wanaoiuza kwenye mitungi huisafisha kwanza, kisha huibana kwa takriban bar 200, yaani karibu mara 200 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, ndani ya mitungi iliyoundwa kwa kazi hiyo. Anayekuuzia pampu ya kujazia nyumbani, mkatae.