Barua kwa mwanangu: Shavu langu na leza yako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza jambo fupi: daktari wa ngozi huko Johannesburg akikupiga leza kwa ajili ya mashimo ya chunusi, utajifungia ndani siku ngapi kabla ya kuja kwenye harusi ya mdogo wako?

Nimemuuliza yule daktari tunayesali naye. Leza ya kaboni dioksidi hupasha moto maji yaliyomo ndani ya ngozi mpaka yawe mvuke, na tabaka la juu huondoka. Uso utavimba, utawaka, utatoa majimaji, kisha utashika maganda. Utapaka vazelini bila kuchoka na maganda hutayabandua. Ngozi mpya hufunika kidonda kwa wiki moja hadi mbili. Leza inayochoma vitundu vidogo vidogo na kuacha ngozi nzima katikati yake huponyesha upesi zaidi.

Basi, siku umezipata. Lakini mimi siogopi siku hizo. Naogopa zinazofuata, ukishajiona umepona. Jua halina huruma kwa ngozi changa.

Unalijua shavu langu la kushoto. Oktoba 2009 nilifungua rejeta ya lori kwenye barabara ya Likasi, mvuke ukanirukia. Mvuke, mwanangu, kitu kilekile. Mama yako alinipaka vazelini kila jioni, amenishika kidevu kama mtoto. Muuguzi alinikataza jua kwa miezi mitatu. Wiki ya tatu ganda lilikuwa limetoka, ngozi chini yake laini, nikasema nimepona. Na tarehe 7 Novemba timu yetu ya mpira, Mazembe, walikuwa na fainali ya Afrika na Heartland ya Nigeria, hapa kwetu Lubumbashi, kwenye uwanja wa kule mtaa wa Kenya. Kule Nigeria tulikuwa tumefungwa 2-1, na kwa lile bao letu la ugenini, ushindi wa bao moja tu ulitutosha. Nani angebaki nyumbani? Nilikubeba mabegani, na kofia nikakuvika wewe. Tulikaa upande wa jua. Moja kwa bila! Nililia mbele za watu, nawe ukinipigapiga kichwani na kuimba. Hata leo moyo unanijaa.

Jioni ile mama yako alilitazama shavu, hakusema neno. Wiki chache baadaye lilikuwa jeusi kama sufuria ya bukari, ugali wetu, na likakaa hivyo karibu miaka miwili. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko mvuke wenyewe, kwa sababu zile jioni zote za vazelini nilizitupa kwa mchana mmoja.

Ngozi yetu nyeusi ikichomwa hujibu kwa kumwaga rangi. Ndiyo maana mtaalamu anayeijua hupunguza nguvu ya mashine, hujaribu kwanza mahali padogo, na wengine huchagua leza isiyoondoa tabaka la juu kabisa. Muulize wako amewatibu watu weusi wangapi. Muulize bila aibu.

Utaniambia: Baba, yako ilikuwa ajali, hii ni kazi ya daktari. Kweli. Nami nilikuona miaka yote ukigeuza uso kila picha ya familia ilipopigwa, na sikuwa na dawa. Nina haki gani ya kukuzuia leo? Lakini pia uso huo ni wa babu yako mtupu, na nikiutazama sioni mashimo. Najua, hilo halikusaidii wewe mbele ya kioo.

Nimeandika neno «usifanye» mara mbili, nikalifuta mara mbili. Uso ni wako. Ila kupigwa leza katikati ya Septemba, uje harusini mwanzoni mwa Oktoba, Lubumbashi inapochemka kuliko miezi yote! Uwekundu wenyewe unaweza kukaa miezi, na ngozi huendelea kujijenga ndani kwa miezi mitatu hadi sita, kwa hiyo uzuri unaoutafuta harusini hautakuwa umefika. Jua halina huruma kwa ngozi changa, nimeshasema. Ungengoja harusi ipite... Basi, nanyamaza.

Ukiamua, tupe tarehe mapema. Mama yako anasema atapanda basi la Kasumbalesa, avuke mpaka, aje huko akupake mwenyewe, na kofia nitampa.

Na je, umemwambia daktari kuhusu masikio ya shangazi yako, yalivyoota makovu manene baada ya kutobolewa tu? Kitu hicho hutembea katika ukoo. Nijibu hilo kwanza, kabla hujalipa chochote.

Baba yako