Mama ana presha ya macho, leza itamsaidia?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 66, tuko Kibaigwa, aligundulika ana presha ya macho na jicho la kushoto pembeni haoni kabisa, kila siku anajigonga mlangoni. Anatumia matone ya timolol ila yakiisha mpaka apatikane mtu wa kwenda Dodoma mjini, kuna muda anakaa hata wiki mbili bila dawa. Sasa wamesema apigwe leza. Binamu yangu yuko Uingereza kapigwa na matone kaacha, kaka naye anasema mama ataona kama zamani. Ni kweli? Tuuze mahindi?

JIBU: Marahaba. Kaka yako anachanganya na mtoto wa jicho. Ule ukitolewa mtu anaona tena, ila presha ya macho inaua mshipa wa fahamu na ukishakufa ndo basi, leza inashusha presha tu ili kilichobaki kisiondoke.

Binamu hajadanganya. Utafiti wa kule uliotoka 2019 ulionyesha wagonjwa wapya walioanza na leza, kama 74 kati ya 100 walimaliza miaka 3 presha iko sawa bila matone. Ila sisi huku bwana tunaenda hospitali jicho moja limeshazima, kwa hiyo mi kwa mama yako naangalia zaidi utafiti wa hospitali ya KCMC Moshi wa 2021, wengi wao ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali: baada ya mwaka leza ilidhibiti presha kwenye macho 61 kati ya 100, timolol 31 tu. Karibu mara mbili! Lakini hesabu na hayo 39 yaliyogoma, na wapo waliorudiwa leza.

Kisu hakuna. Anakaa kwenye mashine, kidevu anakiegemeza, anawekewa matone ya ganzi na kilenzi juu ya jicho, anaona vimwanga vinapiga paa paa, dakika chache imeisha, wanampima tena presha ndo anarudi nyumbani.

Muulizeni daktari kona ya ndani ya jicho, pale maji ya jicho yanapotokea, iko wazi au imefunga, maana ikiwa imefunga leza yake ni nyingine, ya kutoboa kitundu. Na kama mama ana pumu semeni, timolol inabana kifua.

Mahindi uzeni, ila mbakize nauli ya kliniki za baadaye, na matone asiache mpaka aambiwe. Siku hiyo wewe na kaka mpimwe pia, huu ugonjwa unatembea kwenye ukoo.