Mbona Mmenyamaza? Kutembea Msituni Tanga Wakati wa Wawindaji

Swali la kwanza alilotuuliza yule mwindaji halikuwa "nyinyi nani" wala "mwaenda wapi". Alisema, "Mbona mmenyamaza?"

Ilikuwa Agosti, miaka kadhaa nyuma, milimani upande wa Muheza, jua limeshajificha nyuma ya kilima. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu, na rafiki yake wa Dar es Salaam aliyetamani kumwona mbega kwa macho yake. Kwa ajili ya huyo mbega tulikubaliana tusitoe sauti. Karibu nusu saa tulinyata kwa foleni, na moyoni najisifu kwamba leo natembea kama mwenyeji. Mbwa wakabweka bondeni. Kisha ukasikika mlio mmoja mzito, kama mtu kapiga mlango wa bati kwa gogo. Majani yakapukutika mkono wa kushoto, hatua kama kumi kutoka aliposimama binamu yangu.

Lilikuwa gobole. Mwenyewe alipotokea, mikono ilikuwa inamtetemeka kuliko yetu. Alikuwa akiwavizia nguruwe waliomaliza mihogo yake, akaona weusi unasogea kichakani, mmoja nyuma ya mwingine, kimya. Ndivyo nguruwe wanavyokwenda. Binamu yangu alivaa sweta jeusi lenye kofia, na kofia kaivuta hadi kwenye nyusi kwa sababu ya baridi. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Alitusindikiza mpaka barabarani akiwa mbele yetu, na njia nzima aliimba kwa sauti. Nilidhani anajituliza. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba alikuwa akiwaambia wenzake waliokuwa bado wamejificha kwamba wanaopita ni watu.

Sijaacha kupanda milima. Naenda Amani, naenda Magoroto, nikipata siku mbili napanda Lushoto nitembee Magamba. Ila namna ninavyotembea imebadilika.

Kwanza tuelewane kuhusu "msimu wa wawindaji". Kisheria, msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, na unahusu wenye leseni, kwenye vitalu na mapori tengefu huko nyikani. Huko usiingie kwa miguu kwa ajili ya matembezi, yaishe. Kwenye hifadhi za msitu wa asili kama Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, kuwinda kumekatazwa mwaka mzima. Mtu akisikia hivyo hutulia, na hapo ndipo anapokosea. Mwenye leseni anajulikana aliko na mara nyingi ana askari wa wanyamapori pembeni. Anayejua kwamba haruhusiwi haweki kibao. Anavaa nguo zisizoonekana, anapita njia zisizo na watu, na akisikia nyayo hadhani ni za mtalii, anadhani ni kitoweo au ni askari. Yote mawili si mazuri kwako.

Halafu kuna msimu mwingine, ambao haumo kwenye kalenda ya mtu yeyote, nao ni wa mahindi. Mahindi ya masika yakianza kukomaa, nguruwe, nyani na nungunungu hutoka msituni kwenda shambani, na mwenye shamba huwafuata wanakotoka. Ya vuli yakikomaa, mambo yanajirudia. Pale shamba linapokutana na msitu ndipo penye mbwa, mikuki, mitego na magobole. Ukiitazama njia ya kupandia mlima, karibu kila mara huanzia hapohapo.

Kwa hiyo uliza kijijini kabla hujapanda, lakini ujue namna ya kuuliza. Ukisema, "Huku kuna wawindaji?" utajibiwa hakuna, tena kwa tabasamu. Nani ataitaja shughuli ya shemeji yake kwa mgeni mwenye begi mgongoni? Uliza hivi: "Mwaka huu nguruwe wanasumbua upande gani?" Utaelezwa mpaka uchoke. Utatajiwa bonde, mto, shamba la nani limeliwa wiki iliyopita. Kila mahali wanapotaja, usipite. Mimi huwauliza mama anayeuza chai na vijana wa bodaboda, halafu namwona mwenyekiti wa kitongoji nimweleze kwamba tunapanda na tutashukia wapi. Anao uwezo wa kuwapigia simu watu ambao mimi sitaonyeshwa kamwe. Ukiwa unakwenda Amani, lipia kiingilio na uchukue mwongozaji. Najua wengine mnaona hiyo ni hela ya kutupa. Lakini yule anatambuliwa kwa sauti na kila aliyemo humo ndani, wa halali na wa wizi.

Saa nazo zina maneno. Wawindaji wengi hutoka alfajiri na magharibi, wakati paa na nguruwe wanapotembea, na usiku kwa tochi, wakitafuta macho yanayong'aa. Mimi siingii kabla ya saa tatu asubuhi, na ifikapo saa tisa alasiri nageuza hata kama kilele nakiona. Msituni giza haliingii saa ile linayoingia Chumbageni, mjini Tanga. Chini ya miti ya Usambara, jua halijazama bado, tayari rangi ya shati la mwenzako inafifia. Watu wa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo; kwa jiji ni utani, kwa msitu uufuate kama ulivyo. Ukitaka kwenda kutazama vinyonga na vyura usiku, nenda na mwongozaji wa hifadhi, na tochi yako imulike miguu yenu wenyewe ili atakayewaona aone viatu.

Sasa nguo. Marekani, ambako kuwinda kulungu kwa bunduki ni jambo la halali na la watu wengi, majimbo mengi huwalazimisha wawindaji wenyewe kuvaa rangi ya machungwa yenye kung'aa. Kulungu hatofautishi vizuri machungwa na kijani, lakini jicho la binadamu huishika rangi hiyo mbali sana. Paa wetu na nguruwe wetu ni hivyohivyo. Kwa hiyo yule anayesema rangi kali itawakimbiza wanyama, mwambie kinachowakimbiza ni harufu yake na kelele zake. Mimi nimenunua vizibao vitatu vya reflekta, vile vya madereva wa bodaboda, na kimoja nakivalisha begi, kwa sababu mtu akikuona kwa nyuma anaona begi tu. Usipokuwa nacho, funga kanga nyekundu au ya njano juu ya begi. Kanga ya mama yangu imeshafika Lushoto mara nyingi kuliko mama mwenyewe.

Za kuepuka ni nyeusi, kahawia na kijivu. Na nyeusi iliyochanganyika na nyeupe usiiguse, hizo ndizo rangi za mbega. Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi ziache kabisa; raia haruhusiwi kuzivaa, na msituni zitamfanya mwindaji wa wizi akuone askari.

Kuna jambo moja dogo ambalo sijaona watu wakiliwaza, nalo ni kuinama. Milima hii ndiko linakotoka lile ua la urujuani ambalo wazungu huliweka kwenye vyungu madirishani. Mwaka 1892 mkuu wa Tanga wa wakati wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ujerumani, na jina lake likabaki kwenye ua: Saintpaulia. Linapenda miamba yenye kivuli na unyevu. Ukitaka kuliona lazima uchutame, na mtu aliyechutama kwenye kivuli na koti la kahawia ana umbo la mnyama kamili. Wakati mmoja wenu anapochutama kupiga picha, mwingine asimame wima karibu yake na aendelee kuongea.

Kuongea ndiyo ngao yenyewe. Zungumzeni, imbeni, bishaneni habari za Simba na Yanga. Kabla ya kona na kabla ya kuvuka kijito, ambapo maji yanameza sauti, pigeni kelele. Mwenzangu mmoja hupiga "Hodi!" kila kona, na siku moja kichaka kikamjibu "Karibu!" Tulicheka, lakini ndani ya kichaka mlikuwa na mtu mwenye panga na mbwa wawili. Spika za masikioni ziache nyumbani. Na nyinyi mnaopenda ndege, ule mtindo wa kucheza milio yao kwenye simu ili wasogee, uacheni miezi hii. Anayewinda ndege kama kanga naye huifuata sauti hiyohiyo.

Ukisikia mlio wa gobole au mbwa wanakuja mbio, usikimbie na usijifiche kimya. Anayekimbia vichakani ndiye anayefanana na kilichokuwa kinawindwa. Jibanze nyuma ya mti mnene, mwili ndani, sauti nje: "Watu! Watu jamani! Tupo watu!" Piga filimbi kama unayo. Endelea mpaka ujibiwe, kisha rudini mlikotoka. Gobole hujazwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomoni, na kinachotoka humo hutawanyika kinavyotaka. Hata aliyelishika hajui kitafika wapi. Kwa hiyo usijidanganye kwamba yeye analenga kule na wewe uko huku.

Mitego nayo huwapata watu, ingawa haina hadithi nzuri kama risasi. Matanzi hutengenezwa kwa waya, mara nyingi wa breki za baiskeli au pikipiki, na hutegwa kwenye vijia vya wanyama. Ukiona vijiti vimepangwa kama kaua kadogo kanakokuelekeza upite kwenye mwanya mmoja, au mti mchanga umepindwa kichwa kuelekea chini bila sababu, simama hapo. Kaa kwenye njia kuu, na tangulia na fimbo ukigusa majani mbele yako. Mguu ukinaswa, silika yako itakuambia vuta. Usivute, tanzi hukaza. Rudisha mguu kuelekea pale waya ulipofungwa, waya ulegee, mwenzako aupanue kwa vidole. Nimenaswa mara moja, kifundo kilivimba siku nne, na nilivaa buti. Angekuwa mtoto mwenye ndala sijui ingekuwaje. Mbwa wako pia mwache nyumbani.

Eneo la mtego lishike akilini, uliripoti kwa watu wa misitu ukishashuka. Usianze kung'oa mitego ukiwa peke yako. Mwenyewe anaweza kuwa anakutazama.

Na ukikutana na mwindaji uso kwa uso, salimia. Akiwa mzee, shikamoo yake iko palepale hata kama kabeba mkuki. Mwambie mnatoka wapi na mnashukia wapi, muulize njia, muagane. Usimpige picha, usimuulize kibali, usijifanye mpelelezi. Akikuuzia kipande cha nyama, kataa kwa upole, sema umefunga au daktari amekukataza. Kukutwa na nyamapori bila kibali ni kukutwa na nyara ya serikali, na hakimu hatataka kujua kwamba wewe ulikuwa unapiga picha maua.

Mtu akijeruhiwa, kandamiza jeraha kwa kanga iliyokunjwa na usiachie kila dakika kuchungulia. Kilichozama mwilini usikichomoe. Mpeleke hospitali kwa chombo chochote kitakachopatikana. Fomu ya PF3 ya polisi itahitajika kwa jeraha la silaha, lakini mmoja wenu aifuate wakati mgonjwa anatibiwa. Msianzie kituoni huku damu inamwagika. Na simu iwe na chaji. Mabondeni mtandao hukatika, kwa hiyo mtu wa nyumbani awe anajua saa mtakayotoka na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi.

Mwezi uliopita tulikuwa tumepanga kushuka kwa njia ya mtoni. Tukasimama kwa mama wa chai, nikauliza swali langu la nguruwe. Akamimina kwanza, akaweka birika chini, akasema, "Mtoni leo msiende, wanangu. Vijana wapo." Hakuongeza neno. Tukavua mabegi, tukaagiza maandazi.