Mama asikatishe mionzi

Dada wa Kasulu, pole na kuuguza. Umesema mama ana saratani ya mlango wa kizazi, kapangiwa mionzi mara 25 hospitali ya Bugando, Mwanza, na jirani kawaambia seli shina za saratani (zile zinazoweza kuuotesha uvimbe upya) hazifi kwa mionzi, bora mrudi nyumbani mkatumie mizizi yake. Msirudi.

Jirani kasikia nusu. Seli hizo zipo: ni chache, nyingi hujigawa polepole na hurekebisha upesi DNA (chembe za urithi ndani ya seli) iliyokatwa na mionzi. Zilizo sehemu yenye oksijeni kidogo ndizo sugu zaidi. Sugu, lakini zinakufa. Ndiyo maana dozi inagawanywa, Jumatatu hadi Ijumaa: seli nyingine zikifa, oksijeni inazifikia zile za ndani, na mionzi ya siku zinazofuata inazikuta dhaifu. Kwa sababu hiyohiyo wengi huongezewa sisplatini, dawa ya saratani inayoongeza nguvu ya mionzi, kila wiki, kisha mionzi ya ndani, inayotolewa kwa kifaa kinachowekwa karibu na uvimbe wenyewe.

Angalieni damu. Ikipungua, oksijeni nayo inapungua kwenye uvimbe. Mama akihisi kizunguzungu, semeni siku hiyohiyo. Najua nauli inauma na maharage yako shambani, ila mkikatisha wiki mbili, seli zilizobaki zinazaliana upya. Lengo ni kumaliza yote, pamoja na ile ya ndani, ndani ya wiki 8. Pesa au malazi yakikwama, mtafuteni afisa ustawi wa jamii palepale hospitali.

Na hiyo mizizi ya jirani (nilijua itakuwepo tu!) asipewe kimyakimya bila daktari kujua. Baadhi huumiza figo, na sisplatini nayo huumiza figo.