Nywele zetu zitafaa wigi la mtoto mwenye saratani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mtoto wa mwenzetu kazini, ana miaka saba, ameanza tiba ya kemo. Mimi nina nywele ndefu zenye dawa, na ncha niliwahi kuzipiga blichi. Nataka kuzikata atengenezewe wigi. Kaka wawili wa ofisini watanyoa kipara siku hiyohiyo, na wa tatu anataka kukata dredi zake. Nywele za wote zitafaa? Tukate vipi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Nzuri, dada, na Mungu amponye huyo mtoto. Kati yenu wanne, nywele zinazoweza kufaa wigi ni zako tu, tena si zote.

Nywele zinazonyolewa kwa mashine, kama za kaka hao wawili, zikishaanguka chini, shina na ncha zimechanganyika. Unywele una magamba madogo yaliyolala kuelekea nchani. Ukiweka mmoja huku na mwingine kule, magamba yanakwaruzana na wigi linajisokota tangu kuoshwa mara ya kwanza. Ndiyo maana kinachotakiwa ni mkia uliofungwa, siyo nywele za kufagia. Dredi nazo hazichambuliki bila kukatika, kwa hiyo hazipokelewi.

Tuje kwako. Locks of Love, shirika la Marekani linalowapatia watoto wigi, inataka mkia wa inchi 10, yaani karibu sentimita 25 na nusu. Inapokea nywele zenye rangi au dawa, ila za blichi haipokei, kwa kuwa haziwezi kustahimili kemikali za kiwandani. Wigs for Kids, shirika jingine la Marekani la aina hiyo, inataka inchi 12 na haitaki nywele zilizoguswa na dawa. Mlango mmoja unakupokea, mwingine unakurudisha. Soma masharti ya unakopeleka kabla ya kushika mkasi, na uliza kama wanapokea vifurushi kutoka nje.

Ncha za blichi ziondoe kwanza, kisha pima kilichobaki kwa futikamba. Kama hakifiki sentimita 25 na nusu, subiri. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi. Urefu unadaiwa kwa sababu kila unywele hukunjwa na kufungwa fundo kwenye neti, na sehemu yake inapotelea humo. Jambo jingine ulijue mapema: wigi moja hula mikia sita hadi kumi ya watu mbalimbali. Nywele utakazotuma zitaingia kwenye wigi la mtoto mwingine kabisa, si la huyu mnayemfahamu.

Siku ya kukata, osha kwa shampuu, usipake mafuta, na zikauke hadi ndani. Hapa ndipo wengi huharibu: mkia ukifungwa una unyevu, ndani ya mfuko huota ukungu, na hautumiki tena. Usifunge mkia mmoja kisogoni, maana nywele za mbele husafiri hadi nyuma na kupoteza urefu mwingi. Gawa kichwa mafungu manne hadi sita. Kila fungu lifunge rababendi mbili karibu na shina, moja katikati, na moja karibu na ncha. Pima kuanzia rababendi ya juu. Mkasi upite juu ya rababendi hiyo, upande wa kichwani, umbali wa sentimita moja. Ukikata chini yake, nywele zote zinamwagika na kazi imekwisha. Tia kwenye mfuko safi wa plastiki, kisha bahasha.

Kaka zako wasikate tamaa. Kunyoa kipara thamani yake ni fedha inayochangwa. St. Baldrick's, harambee ya Marekani ya kunyoa kipara kwa ajili ya saratani za watoto, ilianza hivyo New York tarehe 17 Machi 2000: walilenga dola 17,000, zikapatikana zaidi ya 104,000. Tangazeni wiki mbili kabla, kila mmoja awe na kiasi anachotafuta, na fedha iende moja kwa moja kwa familia au akaunti ya wodi. Nauli, vipimo na chakula cha mzazi anayelala hospitali ndivyo vinavyowamaliza. Kinyozi abadilishe wembe kwa kila mtu.

Mtoto mwenyewe msimnyoe kwa wembe kamwe. Kemo hushusha seli nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, na chembe sahani, zinazogandisha damu, hivyo mkato mdogo unaweza kuvuja damu muda mrefu na kuingiza vijidudu. Nywele huanza kudondoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Zikianza kujaa kwenye mto na kumwasha, punguzeni kwa mashine yenye kitana namba moja, kama yeye mwenyewe anataka. Muulizeni. Watoto wengi wa umri huo huona wigi linawasha na kuwapa joto, wanapenda zaidi kofia laini ya pamba isiyo na mshono juu.

Na kama kaka hao wana afya, kuna kitu wodi ya saratani ya watoto inakihitaji kuliko nywele: damu. Chembe sahani hukaa siku tano hadi saba tu ghalani, kwa hiyo hazilimbikiziki. Tanzania anachangia mwenye miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Wapangiane zamu, wasiende wote siku moja.