Re: Logi za ruta zinaingia kwenye mafaili mawili
Mkuu, hizo logi (kumbukumbu za matukio) za ruta yako ya MikroTik kujaa kwenye /var/log/syslog na huku umeshazitengea faili lake, shida ni kwamba rsyslog (programu ya Linux inayopokea na kuhifadhi logi) haiishii kwenye ruli (kanuni ya logi ipi iende faili gani) ya kwanza iliyokubali, inaendelea kushuka nazo mpaka chini. Weka & stop (amri ya kuzisimamisha zisiendelee kushuka) kwenye mstari unaofuata palepale chini ya ruli yako. Halafu hilo faili umeliita 60-ruta.conf, libadili liwe 10-ruta.conf maana kule /etc/rsyslog.d yanasomwa kwa kufuata majina, so 50-default.conf, yenye ruli za kawaida zinazoandika kwenye syslog, inakuwa ishazidaka kabla yako. Kabla hujaristati rsyslog piga rsyslogd -N1 (inakagua mafaili ya mipangilio tu) ikuonyeshe kosa, mi nilisahau kufunga alama moja tu nikakosa logi usiku mzima 😅 Na ukikuta mtu kaandika & ~ hiyo ni namna ya zamani ya & stop, usiitumie.